Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashina ya chini ya udongo: tangawizi, viazi, magimbi, mgomba na ndugu zao

Tangawizi, manjano, viazi mviringo, magimbi na migomba hatuipandi kwa punje. Tunafukia kipande, kinachipua. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wakulima wa mashamba makubwa na pia na watu wa mjini wanaopanda kwenye ndoo barazani, na mengi yanarudi pale pale: unachofukia si mbegu kwa maana ya kawaida, ni kipande cha mmea wenyewe. Alichonacho mama, afya au maradhi, kinahamia shambani kwako pamoja na kipande hicho.

Kiazi mviringo ni shina kweli? Mbona kinachimbwa ardhini kama mizizi?

Ni shina, na unaweza kulithibitisha hapo ulipo. Osha kiazi kimoja ukitazame vizuri. Upande mmoja kina kovu dogo. Hapo ndipo kilipokuwa kimeshikana na mmea mama kwa kijitawi chembamba kinachopita chini ya udongo. Upande wa pili macho yamesongamana. Yafuate macho hayo kwa kidole kuanzia kwenye kovu, utaona hayakutawanyika ovyo: yanapanda kwa kuzunguka, vilevile majani yanavyopangika kwenye tawi. Mkunjo mdogo ulio juu ya kila jicho ni alama ya jani lililodumaa, na ndani ya jicho mna machipukizi madogo, kwa kawaida zaidi ya moja, yanayongoja wakati wake. Jani, na chipukizi kwenye kwapa la jani: mzizi hauna vitu hivyo. Ukikiacha kiazi hicho kwenye mwanga siku kadhaa ngozi yake inageuka kijani, kama shina lolote linavyofanya likipata mwanga.

Basi viazi vitamu, muhogo na karoti navyo ni mashina?

Hapana, hiyo ni mizizi iliyonenepa. Muhogo ukiufukia mzima utaoza tu, kwa sababu hauna chipukizi hata moja. Ndiyo maana tunapanda pingili za mti wake. Kiazi kitamu kinaweza kuchipua, hasa upande ule uliokuwa umeshikana na mmea, lakini machipukizi hayo yanaundwa upya kwenye mzizi, hayakuwepo yamelala kwenye jicho. Mkulima mzoefu hahangaiki nayo, anakata marando.

Kwa nini mmea uweke akiba chini badala ya kutoa mbegu tu?

Kwa sababu juu ya ardhi kuna kiangazi, moto wa nyika, baridi kali na midomo ya wanyama. Majani yakifa, shina la chini linabaki na wanga na maji ya kutosha kusukuma majani mapya mvua ya kwanza inyeshapo, bila kusubiri mbegu iote na kukua kidogo kidogo. Kiazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, ambako baridi ya usiku huweza kuunguza majani yote. Mmea unaojua kulala ardhini ndio ulioishi.

Tangawizi, gimbi, kiazi na kitunguu vinatofautianaje?

Tangawizi na manjano ni tunguu: shina nene linalotambaa kwa ulalo karibu na uso wa udongo, linatoa matawi pembeni (tunayoyaita vidole) na kusukuma majani juu. Ukiangalia tangawizi mbichi utaona miviringo inayoizunguka. Hivyo ni vifundo, na machipukizi yapo hapo.

Gimbi ni shina fupi nene lililosimama wima, majani yametoka kichwani na vitoto vimemzunguka mama. Kiazi ni ncha ya kijitawi cha ardhini iliyovimba. Kitunguu ni kisa kingine kabisa: shina lake ni kile kisahani kigumu cha chini penye mizizi, kile unachokikata na kukitupa, sehemu tunayokula ni majani yaliyonenepa. Kitunguu saumu, kila punje ni chipukizi lililojaa chakula, ndiyo maana wakulima wa Mbulu hutenganisha punje na kuzipanda moja moja.

Na mgomba? Ule tunaouita mti si shina, ni ala za majani zilizofumbatana. Shina halisi ni donge lililo chini ya udongo. Ndani ya donge hilo ndimo ua linamoanzia, kisha linapanda katikati ya zile ala mpaka litokeze juu na kuwa mkungu.

Kwa nini ndizi tunazokula hazina mbegu?

Aina nyingi tunazolima, zikiwemo ndizi za kupika za Bukoba na Kilimanjaro, zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe) badala ya mbili, na mmea wa namna hiyo haupati namna ya kugawa sawa ili mbegu iumbike. Vidoa vyeusi unavyoviona katikati ya ndizi ni mbegu ambazo hazikuwahi kukua. Manjano nayo ni hivyo hivyo. Tangawizi hutoa maua, lakini kupata mbegu kwake ni nadra sana. Mimea hii ingekuwa imetoweka zamani kama binadamu asingeng'oa kipande na kumpa jirani.

Kiazi mviringo ni tofauti, kinaweza kutoa mbegu halisi. Baada ya maua utaona pengine matunda madogo ya kijani juu ya mmea. Waonye watoto wasiyale, yana sumu. Mbegu zake huwafaa watafiti wanaotafuta aina mpya, kwa sababu kila mbegu hutoa mmea usiofanana na mwingine. Mkulima anayetaka shamba la aina moja hupanda viazi vyenyewe.

Niko mjini. Naweza kupanda tangawizi niliyonunua sokoni kwenye ndoo?

Unaweza, na mazingira ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja yanaifaa sana, maana tangawizi inapenda joto la nyuzi 25 hadi 30 na hewa yenye unyevu. Kazi kubwa iko kwenye kuchagua. Kataa iliyosinyaa, yenye harufu ya kuoza au iliyolainika ukiibonyeza. Tafuta iliyojaa, yenye vinundu vya rangi ya manjano au kijani kwenye ncha za vidole. Hivyo ndivyo macho yaliyoanza kuamka.

Kata vipande vya sentimita 3 hadi 5, kila kimoja kiwe na jicho moja au mawili. Viache kivulini siku mbili tatu mpaka sehemu iliyokatwa ikauke na kufunga. Usiruke hatua hii. Kidonda kibichi kwenye udongo wenye maji ni mlango wa ukungu, na tangawizi nyingi za kwenye ndoo hufia hapo. Ndoo iwe pana kuliko ilivyo ndefu, itobolewe chini, na udongo uchanganywe na samadi iliyooza vizuri na mchanga kidogo. Laza kipande jicho likitazama juu, fukia kama sentimita 5, mwagilia kiasi. Iweke mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Baada ya hapo unahitaji subira. Kuchipua kunaweza kuchukua wiki mbili, nne, hata zaidi, na watu wengi hufukua kila siku kutazama, wakavunja chipukizi. Mpaka lijitokeze lenyewe, maji yawe machache: mmea usio na majani haunywi sana. Ikishakua, jaza udongo kila unapoona tunguu linatokeza juu. Miezi minane hadi kumi baadaye majani yatageuka manjano na kulala, hapo imekomaa. Ukitaka tangawizi changa, laini, isiyo na nyuzi, chimba pembeni tangu mmea ukiwa na miezi mitano au sita, na uache mama aendelee.

Viazi vyangu vya mbegu havichipui. Vimeharibika?

Huenda vimelala tu. Kiazi kilichochimbwa leo hakichipui kesho hata ukikipa maji na joto, kwa sababu ndani yake vichocheo vya kuzuia ukuaji bado vina nguvu. Aina nyingi hulala miezi miwili hadi mitatu. Nyingine zina usingizi mfupi: Shangi, inayopendwa sana Kenya, huamka mapema mno, na hiyo ni faida kwa anayetaka kupanda tena haraka lakini ni hasara kwa anayetaka kuhifadhi.

Usingizi ukiisha, kwanza huchipua jicho la kichwani peke yake, na chipukizi hilo huzuia mengine. Kiazi chenye chipukizi moja ndefu bado hakijawa tayari. Ngoja, au ivunje hiyo moja kwa mkono, na macho mengine yataamka. Mbegu nzuri ina machipukizi kadhaa mafupi, manene, yenye rangi ya kijani au zambarau. Ili uyapate hayo, tandaza viazi kwenye vichanja ndani ya banda lenye mwanga hafifu na hewa inayopita, jua lisivipige moja kwa moja. Vikikaa gizani ndani ya gunia vinatoa machipukizi meupe, marefu, legelege, yanayokatika yote siku ya kupanda, na kiazi kinakuwa kimepoteza nguvu bure.

Nipande kiazi kizima au nikikate?

Penye mnyauko bakteria, na ugonjwa huo upo maeneo mengi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, mimi nasema panda kizima, chenye ukubwa wa yai la kuku. Kisu kimoja kilichopita kwenye kiazi kimoja kigonjwa kinaweza kuambukiza vingine vingi vinavyofuata. Kama mbegu ni kubwa mno na huna budi kukata, kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi na nyama ya kutosha, kisu kichovywe kwenye maji ya klorini kila unapohamia kiazi kingine, na vipande vikauke kivulini siku mbili tatu kabla ya kuingia ardhini.

Mbegu inayohitajika ni nyingi, jiandae. Kwa ekari moja, kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, zinaingia takribani kilo 800, yaani magunia 16 ya kilo 50. Linganisha na mahindi, ambayo kilo 10 zinatosha ekari nzima. Uzito huu ndio unaofanya mbegu bora ya viazi iwe ghali na isafirishwe kwa taabu.

Msimu wa kwanza nilipata magunia mengi, sasa kila mwaka yanapungua, na mbolea ni ile ile. Tatizo ni nini?

Wakulima husema mbegu imechoka, na kwa macho ni kweli inaonekana hivyo. Kinachotokea ni kwamba virusi na bakteria vinajikusanya. Mmea unaotokana na punje huanza upya kwa sehemu kubwa, kwa sababu virusi vingi havipiti kwenye punje. Mmea unaotokana na kipande hauna nafasi hiyo. Vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, vinaleta virusi mwaka huu, vinaingia kwenye viazi, viazi vinapandwa, mwakani mmea unaanza maisha ukiwa tayari mgonjwa, majani yanajikunja au yana mabaka ya manjano, na viazi vyake ni vidogo.

Hapo ndipo penye tabia inayoniuma kila ninapoiona. Wakati wa mavuno viazi vikubwa vinakwenda sokoni, vya kati vinakwenda jikoni, na vile vidogo vilivyobaki ndivyo vinavyowekwa mbegu. Lakini mmea mgonjwa ndio unaozaa vidogo. Kwa hiyo mkulima, pasipo kukusudia, anachagua ugonjwa kwa mikono yake mwaka baada ya mwaka, kisha analaumu udongo.

Kuna njia isiyohitaji fedha. Viazi vikianza kutoa maua, kabla majani hayajaanza kuzeeka, pita shambani polepole ukiwa na vijiti. Kila shina lenye majani mapana, ya kijani safi, lililosimama imara na kuzungukwa na majirani wazima, lichomekee kijiti. Pita tena baada ya wiki mbili; lililobadilika, ng'oa kijiti chake. Siku ya mavuno, chimba kwanza yenye vijiti, shina moja moja. Shina lililotoa viazi vichache au vyenye kasoro, vitupie kwenye vya kula. Vilivyobaki ndiyo mbegu yako, hata vile vidogo, maana sasa unawajua wazazi wao. Mbegu iliyochaguliwa hivi haiponyi virusi, ila inapunguza wagonjwa.

Baada ya misimu kadhaa, bado unahitaji kuingiza mbegu safi. Tanzania, kituo cha utafiti cha TARI Uyole mkoani Mbeya kimekuwa nguzo ya zao hili. Kenya kuna shirika la maendeleo ya kilimo, ADC, huko Molo. Siku hizi pia kuna miche midogo ya viazi inayotokana na vipandikizi vya ncha za mimea iliyokuzwa maabara. Nunua michache, ipande kwenye kitalu chako uzalishe mbegu mwenyewe, hiyo ni nafuu kuliko kununua magunia 16 kwa mkupuo.

Nitautambuaje mnyauko bakteria?

Mmea unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani, na udongo una maji. Ukiona hivyo, kata shina karibu na ardhi, chukua kipande kifupi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, na utazame kwa dakika chache. Kama ni bakteria, utaona nyuzi nyeupe za maziwa zikishuka taratibu kutoka kwenye sehemu iliyokatwa. Ukikata kiazi chake katikati na kukibinya, ute mweupe hutoka kwenye ule mviringo ulio ndani ya ngozi, na mara nyingi udongo hunata kwenye macho.

Dawa ya kupuliza hakuna. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake na udongo ulioshika mizizi, utoe nje ya shamba. Usitoe mbegu hapo hata kwa mimea inayoonekana mizima, kwa sababu bakteria hukaa ndani ya kiazi bila dalili, hasa kwenye baridi. Shamba hilo lipumzishwe misimu mitatu au zaidi kwa mahindi, ngano au shayiri. Nyanya, biringanya, pilipili, mnavu na tumbaku visiingie, ni jamaa moja na kiazi na vinalisha bakteria yule yule. Tangawizi nayo hushambuliwa, ingawa si ndugu.

Chipukizi lipi la mgomba ndilo la kupanda?

Kwenye shina moja la mgomba utaona machipukizi ya namna mbili. Kuna lenye majani membamba, yaliyochongoka kama upanga, na kitako kipana chini. Hilo limeungana vizuri na donge la mama, limelishwa, lina akiba. Kuna jingine lenye majani mapana tangu likiwa dogo. Linapendeza macho, lakini limeshikana na mama kwa sehemu ndogo na donge lake ni dogo. Chukua la kwanza.

Kisha ulikague. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe, na mgomba mzima haushindwi kweli. Ukiona migomba inaanguka na mikungu yake hata bila upepo, chimba utazame donge: utakuta vijia vyeusi vilivyotobolewa na funza wa fukusi wa migomba, au mizizi iliyogeuka rangi ya zambarau na nyeusi kwa kuliwa na minyoo midogo ya udongoni. Wadudu hao hawaonekani ukinunua chipukizi lenye udongo.

Kwa hiyo, ukishaling'oa, limenye. Kata mizizi yote na uondoe ngozi ya donge kwa kisu au panga kali mpaka libaki jeupe. Doa la kahawia likiingia ndani, endelea kukata. Likifika katikati, litupe chipukizi zima. Fanya kazi hiyo kulekule ulikolichimba, ili maganda yasiingie shambani kwako. Halafu litumbukize donge kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, ulitoe, lipoe, ulipande. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, waliieneza njia hii kwa sababu pipa, kuni na kuhesabu kila mkulima anaviweza. Sekunde 30 zinaua minyoo iliyobaki kwenye tabaka la nje bila kuivisha sehemu ya ndani. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, lenye samadi, na mita 3 kati ya shina na shina.

Migomba ikishatulia, usiyaache machipukizi yote. Mama anayezaa, mtoto mmoja, mjukuu mmoja. Mengine yaondoe, ukiangalia mtoto unayemwacha awe upande mmoja na mjukuu aufuate upande huo, ili shina lisogee kwa mpango.

Onyo moja: penye mnyauko wa migomba wa bakteria, ulioonekana Uganda mwaka 2001 na kuingia Kagera mwaka 2006, usichukue chipukizi kutoka shina lolote linaloumwa. Dalili zake ni ndizi kuiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa za kahawia, na ute wa manjano ukikata shina. Bakteria hao hushuka kwenye donge, na maji ya moto hayawafikii huko. Panga unalotumia lichome motoni kila unapohama shina.

Kwa nini tunainulia viazi udongo?

Vile vijitawi vya ardhini vinavyobeba viazi ni mashina, na shina likiona mwanga linabadilika kuwa tawi lenye majani. Udongo ukiwa mchache unapoteza viazi kabla havijaanza. Vilivyokwisha kuvimba navyo hugeuka kijani. Inulia mara ya kwanza mimea ikifika sentimita 15 hadi 20, na tena wiki chache baadaye.

Kiazi kilichogeuka kijani kinaliwa?

Kijani chenyewe ni ile rangi ya majani na hakina madhara, lakini kinakuonyesha kwamba kiazi kimekaa kwenye mwanga, na kwenye mwanga sumu iitwayo solanini huongezeka pia. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga kunapunguza kidogo tu. Doa dogo, kata ndani kabisa na utupe. Kiazi cha kijani kote, au chenye uchungu mdomoni, usimpe mtu wala mfugo. Kwa mbegu kinafaa vizuri kabisa.

Viazi vikae kwenye friji?

Vya chipsi, hapana. Kwenye baridi ya chini ya nyuzi 6 hivi, wanga wa kiazi huanza kugeuka sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto chipsi zinakuwa nyeusi na chungu. Kapu lenye hewa, mahali penye giza na ubaridi wa kawaida, linatosha.

Kitunguu maji kimechipua jikoni. Nikikipanda nitavuna vitunguu?

Utavuna majani mabichi ya kupikia, na baadaye kitatoa bua lenye maua na mbegu nyeusi. Kitunguu ni mmea wa misimu miwili: wa kwanza unaweka akiba, wa pili unaitumia kuzaa. Vitunguu vya kuuza hupandwa kwa miche ya mbegu.

Magimbi na viazi vikuu vinapandwaje?

Gimbi: ukishavuna, kata kichwa chake, sentimita moja au mbili za nyama pamoja na vikonyo vya majani vya urefu wa sentimita 20 hivi, ukipande mahali penye unyevu. Vitoto vya pembeni navyo vinafaa. Wakati wa kula pika mpaka viive sana, maana vina chembe kali zinazowasha koo.

Kiazi kikuu hakina macho yanayoonekana. Kipande chenye ngozi kikikatwa na kufukiwa, chipukizi huumbika upya chini ya ngozi hiyo. Kwa hiyo usikimenye, na usishangae kikichelewa. Huko Nigeria wataalamu walionyesha kwamba hata vipande vya gramu 25 hadi 50 vinatosha kuzalisha mbegu, badala ya kufukia viazi vizima ambavyo familia ingekula.

Mimea yote ikiwa nakala ya mama mmoja, hakuna hatari?

Ipo, na historia imetulipisha. Ireland, kuanzia mwaka 1845, ilipigwa na bakajani chelewa, ugonjwa ambao wakulima wetu wengi wanauita ukungu. Maskini walikuwa wakitegemea kwa sehemu kubwa aina moja ya kiazi, Lumper, na kwa kuwa mimea yote ilikuwa nakala, hapakuwa na shamba lililokuwa na kinga. Watu wapatao milioni moja walikufa kabla ya mwaka 1852 kwisha.

Hapa kwetu mfano mkubwa ni mkonge, ambao nao huzaa machipukizi kutoka kwenye mashina ya chini ya ardhi, pamoja na vitoto vinavyoota juu ya mlingoti wake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika pwani ya Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62. Mashamba ya mkonge ya Tanga, Morogoro na kwingineko yalianzia hapo. Ni ajabu ya kweli kwamba miche inayotosha kwenye mkokoteni mmoja ilizaa uchumi mzima, lakini pia ina maana kwamba ugonjwa ulioumudu mkonge mmoja ungeimudu mingi. Kwa shamba lako, panda aina mbili tatu za viazi au ndizi, hata kama moja ndiyo inayopendwa sokoni.

Ndago zimenishinda. Kila nikilima zinaongezeka. Kwa nini?

Kwa sababu unazipanda kwa jembe. Ndago ni gugu lenye vijiazi vilivyoungana kwa mnyororo chini ya udongo, na kijiazi cha mbele huzuia vya nyuma kuchipua. Jembe linapokata mnyororo, kila kijiazi kinakuwa huru na kinasimama chenyewe.

Udhaifu wake ni miwili. Vijiazi vyake haviwezi kuvumilia kukauka: lima wakati wa kiangazi kikali, vigeuze juu, vipigwe na jua wiki kadhaa, urudie tena. Na ndago haipendi kivuli: panda kunde, viazi vitamu au maboga yafunike ardhi haraka. Nailoni ya kufunika udongo haisaidii sana, ncha zake kali huitoboa. Ukiweza kupalilia kila wiki mbili tatu bila kukosa, kila jani linalotoka linakula akiba ya chini bila kuirudisha, mpaka kijiazi kiishe nguvu. Usipande tangawizi au kitunguu kwenye shamba lenye ndago, utalia.

Shemeji yangu yuko ng'ambo ya mpaka na ana mbegu nzuri. Naweza kuzileta kwenye basi?

Usifanye hivyo bila kibali. Punje kavu inaweza kubeba ugonjwa, lakini kipande cha shina kina maji, udongo na chakula vya kumtunza bakteria, mnyoo au funza safari nzima. Tanzania mwenye mamlaka ya kukagua ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Omba kibali cha kuingiza kwanza, shemeji naye apate cheti cha afya ya mimea huko aliko. Kama ni aina ya ndizi unayoitamani, waulize watafiti wa nchini kama wanayo kwenye chupa za maabara. Miche ya maabara huanza bila minyoo wala fukusi, na huo ndio mzigo unaoweza kuupanda karibu na migomba ya jirani yako bila kumdhuru.